Shingo ya Nani?

Katika kikundi chetu cha kusoma vitabu tuna mazoea ya kupiga kura za mzaha. Tukimaliza riwaya, mtu anauliza swali moja, tunainua mikono, tunacheka, tunamaliza chai, kila mtu anashika njia yake. Mwezi uliopita tulikuwa na A Grain of Wheat ya Ngũgĩ wa Thiong'o, na swali likawa hili: Mugo alistahili kuuawa? Tulikuwa watu kumi na mmoja. Wanane tuliinua mikono. Mugo alimsaliti Kihika, Kihika akanyongwa. Deni ni deni.

Halafu mama mmoja, mwalimu mstaafu asiyependa kusema sana, akauliza: "Haya. Na sheria ya kunyonga watu hapa Kenya, iondolewe ama ibaki?" Saba tukataka iondolewe. Wanne kati ya hao saba tulikuwa tumetoka tu kumuua Mugo. Mama akatutazama mmoja mmoja, akachukua biskuti. "Kumbe shida yenu si kitanzi," akasema. "Shida yenu ni shingo."

Nimekaa na maneno hayo kwa wiki tatu sasa.

Tunaambiwa kwamba maoni ya Wakenya kuhusu adhabu ya kifo yamebadilika, na ni kweli yamebadilika. Mara ya mwisho serikali yetu kumnyonga mtu ilikuwa 1987, katika gereza la Kamiti, walipouawa Hezekiah Ochuka na wenzake kwa uhaini wa lile jaribio la mapinduzi la 1982. Tangu hapo majaji wameendelea kutoa hukumu na wafungwa wameendelea kuhesabu miaka, lakini kamba haijashuka. Mwaka 2009 Rais Mwai Kibaki aligeuza hukumu za watu zaidi ya 4,000 kuwa kifungo cha maisha. Uhuru Kenyatta akafanya hivyo kwa watu 2,747 mwaka 2016. William Ruto naye, mwaka 2023, akawaondolea kamba wote waliokuwa wamehukumiwa kabla ya mwishoni mwa Novemba 2022. Hapakuwa na maandamano. Hakuna mtu aliyefunga barabara akidai watu wanyongwe. Na utafiti wa maoni uliotolewa mwaka 2022 ulikuta kwamba wanaotaka adhabu hiyo ibaki ni kidogo tu zaidi ya nusu.

Mimi si wakili. Mimi ni msomaji tu, na kitu ninachoweza kukagua ni hadithi. Kwa hivyo swali langu ni la msomaji: vitabu tulivyosomeshwa, michezo tuliyotazama na methali tulizonyonya na maziwa ya mama vilitufundisha nini kuhusu mtu aliyesimama chini ya kamba? Nikirudi kwenye rafu yangu nikiwa na swali hilo, ninapata jibu lisilonifurahisha. Fasihi yetu ilitufundisha kulia vizuri sana. Ila ilituchagulia wa kumlilia.

Tuanze na mkubwa wao. Dedan Kimathi alinyongwa Kamiti tarehe 18 Februari 1957. Kesi yake ilisikilizwa Nyeri mwezi Novemba wa mwaka uliotangulia, na shtaka lililomfikisha kwenye kamba halikuwa la kuua mtu. Lilikuwa la kupatikana na bastola. Hakuwa peke yake. Katika miaka ya Hali ya Hatari Waingereza walinyonga Waafrika zaidi ya 1,000 katika nchi hii, na wengi wao hawakuhukumiwa kwa kuua. Walihukumiwa kwa kulisha viapo, kwa kupatikana na silaha au risasi mfukoni. Ni vigumu kupata mahali pengine katika himaya ya Uingereza ya karne ile ambapo kitanzi kilifanya kazi kwa bidii namna hiyo.

Ngũgĩ na Mĩcere Mũgo waliichukua kesi hiyo wakaiandikia The Trial of Dedan Kimathi, mchezo ulioonyeshwa katika Jumba la Kitaifa la Michezo, Nairobi, mwaka 1976, na ambao wasomaji wa Kiswahili wanaujua kama Mzalendo Kimathi. Naupenda mchezo huu. Niliusoma nikiwa shule ya upili na ulinifanya nitake kuandika. Lakini safari hii nimeusoma nikiwa na maneno ya yule mama kichwani, na nikaona kitu ambacho sikukiona nikiwa na miaka kumi na saba.

Kuna mahakama mbili katika mchezo ule. Moja ni ya mkoloni, yenye jaji mweupe na askari, na hiyo tunaichukia tangu ukurasa wa kwanza. Nyingine iko msituni, na hakimu wake ni Kimathi mwenyewe. Mbele yake wanaletwa maadui, kisha wasaliti, na miongoni mwa wasaliti yumo mdogo wake wa damu. Kimathi anasita. Anashindwa kuwamaliza, wanamponyoka, na kusita kule kunakuja kumgharimu. Mchezo hautuachii shaka kuhusu jinsi ya kuelewa tukio hilo: huruma ilikuwa kosa. Shujaa alikuwa na doa moja tu, nalo ni kwamba hakuua alipopaswa kuua.

Ninawaelewa waandishi. Ilikuwa vita, na mwaka 1976 waliokuwa wamewauza wapiganaji walikuwa wanaendesha magari makubwa wakati mjane wa Kimathi anaishi kwa shida. Hasira ile ilikuwa ya haki. Lakini tukubali kwamba mchezo wetu maarufu kuliko yote kuhusu mtu aliyehukumiwa kifo hauna ugomvi na adhabu ya kifo. Una ugomvi na aliyeishika kamba. Mpe kamba mtu sahihi, mvike msaliti, na mchezo utakupigia makofi.

Na kuna jambo jingine. Mvulana na Msichana katika mchezo ule wanaanza kama watoto wa mjini, wanafukuzana na kugombania pesa. Wangekuwa wa leo tungewaita chokoraa. Mchezo unawaokoa, na ni vizuri unawaokoa, lakini njia pekee ya wokovu ni wao kuwa wapiganaji. Mwizi mdogo anapewa utu siku anapoacha kuwa mwizi na kuwa askari wa mapambano. Yule anayebaki mwizi, ambaye hana lengo kubwa, ambaye aliiba kwa sababu alitaka viatu, huyo mchezo haumjui.

Serikali nayo ilimjua. Katika muongo uleule ambao Kimathi alikuwa anapigiwa makofi jukwaani, sheria ya Kenya ilikuwa imeifanya adhabu ya kifo kuwa ya lazima kwa wizi wa mabavu. Hebu soma kifungu cha 296(2) cha Kanuni ya Adhabu siku moja, polepole. Si lazima uwe umeua mtu. Si lazima umjeruhi. Ukiiba kwa nguvu ukiwa na silaha, au ukiwa na mwenzako mmoja tu, au ukimpiga mwenye mali, basi imetosha. Wavulana wawili, simu moja, kofi moja. Kamba ya mkoloni haikutupwa baharini mwaka 1963. Tulirithi mti na kamba, tukabadilisha shingo. Hata kosa la kulisha kiapo cha kutenda uhalifu wa kunyongewa, ambalo linanuka Hali ya Hatari kutoka mbali, lilibaki katika vitabu vya sheria vya nchi huru.

Sasa turudi kwa Mugo, kwa sababu hapa ndipo Ngũgĩ mwenyewe, akiwa kijana zaidi, alikuwa ameona mbali kuliko alivyoona akiwa mkubwa. A Grain of Wheat ilitoka mwaka 1967. Watu wengi hukumbuka kilele chake: mbele ya umati wa siku ya Uhuru, mtu ambaye kijiji kizima kimemgeuza shujaa anasimama na kukiri kwamba yeye ndiye aliyemsaliti Kihika. Tunachosahau ni kinachofuata. Mugo anachukuliwa usiku, anahukumiwa na wenzake wa Kihika, na riwaya inakataa kutuonyesha anavyokufa. Haitupi damu wala kamba. Inatupa wazee wawili, Warui na Wambui, wamekaa siku chache baadaye, mvua inanyesha, na maongezi hayashiki. Wambui alikuwa mmoja wa waliomhukumu. Na sasa kuna kitu hakijakaa sawa kifuani mwake, na hajui akiite nini. Anajishughulisha na usafi wa nyumba.

Riwaya hii ina hukumu mbili za kifo. Ya kwanza, ya Kihika, inatolewa na mkoloni hadharani, na ilikusudiwa kutisha. Ya pili inatolewa na wetu gizani, na ilikusudiwa kusafisha. Wala haisafishi. Hilo ndilo jambo ambalo sisi wanane tulioinua mikono hatukulisoma. Tulisoma hadi kukiri, tukafunga kitabu mioyoni mwetu, tukamnyonga mtu. Wambui, ambaye alikuwa na haki zaidi yetu ya kuwa na hasira, alifika mahali ambapo sisi hatukufika.

Sasa niwaambie kwa nini jambo hili linaniuma mimi binafsi.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Ilikuwa jioni, kwenye steji ya matatu ya mtaani kwetu. Vijana wawili walinyakua simu ya mama mmoja, wakamsukuma, akaanguka. Mmoja alitoroka. Wa pili alishikwa kabla hajavuka mtaro. Unajua inavyokuwa: neno moja, "Mwizi!", na watu ambao sekunde iliyopita walikuwa wanagombana na makanga kuhusu shilingi kumi wanageuka mwili mmoja wenye mikono mingi. Kijana alikuwa amebaki na kandambili moja. Mtu akasema tairi liletwe. Muuza mahindi, mwanamke wa makamo, ndiye pekee aliyepaza sauti kinyume. Alisema: "Mwacheni, huyo ana mama!" Watu wakacheka. Mmoja akamjibu, "Hata sisi tuko na mama."

Mimi sikusema kitu. Sikurusha jiwe, na kwa miaka mingi nilijisifu kimoyomoyo kwamba sikurusha. Niliondoka kabla tairi halijafika. Hadi leo sijui kama lilifika.

Nikiwa chuo ndipo niliposoma kile kifungu na kuelewa kwamba, kwa kuwa walikuwa wawili na yule mama aliangushwa, kosa lile mbele ya sheria lilikuwa la kifo. Umati haukuivunja sheria ya Kenya kwa kiasi tunachopenda kufikiri. Uliruka karatasi tu: shtaka, wakili, rufaa. Adhabu ilikuwa ileile. Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema kwamba adhabu ya kifo Kenya ni sheria iliyolala. Imelala Kamiti. Steji haijalala. Na polisi hawajalala pia: mwaka huohuo wa 2009 ambao Kibaki aliwaondolea kamba watu zaidi ya 4,000, mjumbe maalumu wa Umoja wa Mataifa, Philip Alston, alitembea nchi hii akaondoka akisema wazi kwamba polisi wa Kenya wanaua watu wanavyotaka na hawaadhibiwi. Tuliifungua mikono ya mnyongaji tukaacha ya wengine huru.

Maandishi ya umati ule si Katiba. Ni methali. Siku za mwizi ni arobaini. Tumeisema mara ngapi bila kuisikia? Ni methali tamu, ina mdundo, ina tabasamu la mtu anayejua mwisho wa hadithi. Lakini itazame kama unavyotazama ubeti. Inampa mwizi hesabu tu. Haisemi ni mwizi wa nini, wala ana umri gani, wala siku ya arobaini anafanywa nini. Muuza mahindi alijaribu kuipinga kwa maneno matatu, huyo ana mama, na umati ukayatambua maneno hayo yalivyokuwa: jaribio la kuanzisha hadithi. Ndiyo maana walicheka haraka. Hadithi ikianza, jiwe linakuwa zito.

Je, kuna kitabu chetu kilichomsikiliza muuza mahindi? Kipo kimoja ninachokirudia, na kinatoka ng'ambo ya mpaka. Dunia Uwanja wa Fujo ya Euphrase Kezilahabi ilitoka mwaka 1975, mwaka mmoja tu kabla ya mchezo wa Kimathi kupanda jukwaani. Tumaini ni kijana wa Ukerewe ambaye huwezi kumfanyia sanamu. Anatapanya urithi wake kwa anasa, anaharibikiwa, anajirudi, anakuwa mkulima tajiri. Siasa ya Ujamaa inapokuja kuchukua mashamba yake, anachukua bunduki na kumuua Mkuu wa Wilaya. Ananyongwa.

Angalia Kezilahabi alichokataa kufanya. Hakumfanya Tumaini mzalendo anayepinga udhalimu. Ni mtu aliyeipenda mali yake. Hakumfanya asiye na hatia. Aliua, tena mchana kweupe. Wala hakumfanya shetani. Alitupa maisha yake yote, ya kipumbavu na ya bidii, kurasa kwa kurasa, ili kamba inapokuja tusiweze kusema kwamba wamemnyonga muuaji. Wamemnyonga Tumaini, ambaye pia aliua. Sentensi hizo mbili zina umbali mkubwa kati yao, na kazi ya riwaya ni kututembeza umbali huo kwa miguu.

Sisemi kitabu hicho hakina kasoro. Kuna mahali ambapo mwandishi anatuhubiria, na wanawake wengi wa Tumaini wanapita kama abiria. Lakini ndicho kitabu cha Kiswahili kilichonifanya nimwogopee mtu ninayejua ana hatia. Kimathi hakuweza kunifanyia hivyo kwa sababu sikuwahi kuamini ana hatia.

Kwa upande wetu wa mpaka, aliyekaribia zaidi si mwandishi wa vitabu. Ni filamu ya Nairobi Half Life, ya mwaka 2012, iliyoongozwa na Tosh Gitonga. Mwas anatoka kijijini akitaka kuwa mwigizaji, Nairobi inamvua nguo siku ya kwanza, na kufumba na kufumbua yuko na genge la Oti akiiba vipuri vya magari, baadaye magari yenyewe. Nilipoitazama ukumbini, watu walicheka na Oti, wakaimba naye. Kisha polisi wakaja kuwamaliza vijana wale kama tunavyojua polisi humaliza, na ukumbi ukanyamaza. Ukumbi uleule uliojaa watu ambao, nina hakika, wengine wao wamewahi kuona moshi wa tairi na kuvuka barabara. Kwa saa moja na nusu mwizi alikuwa na jina, na mzaha wake, na mchumba. Siku yake ya arobaini ilipofika haikuwa tamu hata kidogo.

Kinachonishangaza ni kwamba mahakama zetu zimefika mahali hapohapo kwa njia ya sheria. Tarehe 14 Desemba 2017, katika kesi ya Muruatetu, Mahakama ya Upeo iliamua kwamba kumlazimisha jaji kutoa hukumu ya kifo kwa kila aliyepatikana na hatia ya kuua ni kinyume cha Katiba. Adhabu yenyewe haikufutwa. Kilichofutwa ni ulazima. Na sababu kubwa ilikuwa nini? Kwamba kila mtu ana haki ya kusikilizwa kabla ya adhabu kupimwa: umri wake, alivyotenda, kwa nini, ana nani nyumbani. Ukiondoa lugha ya mawakili, majaji walisema kwamba mtu hawezi kuuawa kabla hadithi yake haijasikika. Walimpa haki muuza mahindi.

Lakini mwaka 2021 mahakama hiyohiyo ikafafanua kwamba uamuzi ule ulihusu kesi za kuua peke yake. Wa wizi wa mabavu wasubiri kesi yao. Yaani muuaji amepata nafasi ya kusimulia, na aliyenyakua simu akiwa na mwenzake amebaki na methali. Sitaki kuwalaumu majaji. Walikuwa na hoja zao za utaratibu. Ila mpangilio huo naujua. Ni uleule wa rafu yangu ya vitabu.

Watafiti wa maoni nao wamegundua jambo hili. Profesa Roger Hood wa Oxford aliwahi kuwauliza Wamalaysia, katika utafiti uliotolewa mwaka 2013, kama wanaunga mkono hukumu ya kifo ya lazima. Wengi walisema ndiyo. Kisha akawapa visa: huyu alifanya hivi, katika hali hii, ana historia hii. Uungaji mkono ukaporomoka. Watu walewale, dakika chache baadaye. Hakuwapa hoja wala mahubiri. Aliwapa wahusika. Malaysia iliuondoa ulazima huo mwaka 2023. Zimbabwe ilikwenda mbali zaidi, ikaifuta adhabu ya kifo mwisho wa Desemba 2024, na aliyetia sahihi, Emmerson Mnangagwa, ni mtu ambaye serikali ya walowezi iliwahi kumhukumu kifo katika miaka ya 1960 akaponea kwa sababu ya umri wake. Kuna mengi ya kumlaumu Mnangagwa, ila kwenye hili hakuhitaji riwaya. Mkuki kwa nguruwe. Yeye alijua uchungu wake kwa binadamu.

Sasa, nina rafiki ambaye kakake aliuawa na majambazi. Nilimsomea sehemu ya makala haya. Alinisikiliza hadi mwisho, akasema: "Sawa. Ninyi mna hadithi ya muuaji. Ya ndugu yangu iliandikwa na nani?" Sikuwa na jibu zuri na bado sina. Ana haki. Mhakiki anaweza kujiona mwema kwa kumhurumia Tumaini na akasahau kwamba Mkuu wa Wilaya naye alikuwa na mtu wa kumlia, na kwamba Kezilahabi hampi nafasi kubwa. Mama aliyeangushwa pale steji, hata mimi nimemtaja kwa sentensi moja tu hapo juu.

Nilichoweza kumwambia rafiki yangu ni kwamba kamba haikumwandikia kakake hadithi pia. Waliomuua hawakushikwa; faili ilikaa kituoni hadi ikazoeleka. Miaka yote hiyo adhabu ya kifo ilikuwepo kwenye vitabu, ikimwahidi kisasi ambacho haikukusudia kumpa, na serikali haikutumia hata nauli ya kumtafuta shahidi. Akanyamaza. Hakuniambia nimemshawishi, na sidhani nilimshawishi.

Kwa hivyo nikiulizwa kama maoni yetu yamebadilika, nitasema yamebadilika juu, kama maji ya ziwa yanavyopata joto juu. Tumeacha kuitaka kamba ya serikali kwa sababu tumeacha kuiamini serikali. Hilo si dogo, lakini si sawa na kuacha kutaka shingo. Mabadiliko yatakuwa ya kweli siku mtu atakapoandika mchezo mkubwa kama Mzalendo Kimathi kuhusu mtu mdogo kama yule wa kandambili moja, nao ujae ukumbi, na asigeuzwe mpiganaji kabla pazia halijafungwa.

Mukami Kimathi alifariki mwezi Mei 2023. Kwa miongo mingi aliomba kitu kimoja: apewe mifupa ya mumewe azike. Hakupewa. Kimathi yuko Kamiti, katika kaburi lisilo na alama, na siku serikali itakapoamua kweli kumtafuta, wachimbaji watakutana na mifupa mingi. Wengine walinyongwa kwa kiapo, wengine kwa kuua. Huenda wengine walinyongwa kwa kuiba wakiwa wawili. Watalazimika kuinua kila mmoja na kuuliza huyu ni nani, kabla ya kumweka kando na kusema siye.